Mpangaji hajalipa miezi mitano: kumpigia kufuli ni haki ya mwenye nyumba au ni kujitafutia kesi? Watu wa Chuga (Arusha) na Moshi tujadili

Mleta mada (Kijenge)

Wadau habari za jioni. Hii mada kila mtu anaiongelea na wa upande wake tu, wenye nyumba wakikaa wanawasema wapangaji sugu, wapangaji nao wakikaa ni mama mwenye nyumba hivi, mzee mwenye nyumba vile. Mi naomba leo tuchanganyike.

Kuna mama mstaafu huku kwetu ana vyumba vinne vya uani, ndo pensheni yake halisi hiyo maana ile nyingine tunaijua. Chumba na sebule anapangisha laki na ishirini. Kuna kaka mmoja aliingia vizuri tu, akalipa miezi sita, ilipoisha akaomba "mama yangu nivumilie mpaka mwisho wa mwezi", mwisho wa mwezi ukawa meseji, meseji ikawa simu haipokelewi, na sasa ni mwezi wa tano, laki sita hiyo. Akirudi usiku anavua viatu getini anapita navyo mkononi ili mama asisikie. LUKU lakini hakosi, na juzi kaingiza sabufa mpya. Vijana wa mama wakasema tupige kufuli, mwenyekiti wa mtaa akasema msithubutu, mtaenda kulala ndani nyie badala yake.

Msimamo wangu nausema mapema: mwenyekiti yuko sahihi, kufuli hapana. Ila njia halali tunayoelekezwa haikutengenezwa kwa deni la laki sita. Ile sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo leo ni mkataba wenu pamoja na Sheria ya Ardhi ya 1999. Kodi ikipitiliza siku 30 unaruhusiwa kumpa notisi ya maandishi kwamba unataka kuvunja upangaji. Akikaa kimya unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo unajikuta foleni moja na ndugu wanaogombania kihamba (shamba la ukoo) cha babu yao na watu wa mipaka ya mashamba wenye faili nene kama tofali. Ushinde, uombe kukazia hukumu, dalali wa baraza, yule anayetekeleza hukumu, apewe amri, na muda wote huo jamaa yuko ndani anakula sabufa na deni linapanda. Siku akisikia dalali anakuja anapakia vitu kwenye kirikuu usiku na hujui kaenda Muriet au kaenda Mwanza.

Ninachotaka mimi ni dirisha la haraka la madeni ya kodi za makazi, hapo hapo barazani. Leta mkataba, leta notisi, mpangaji alete risiti au muamala, swali liwe moja, umelipa hujalipa. Kesi ya kihamba ibaki na foleni yake.

Mwenye nyumba, Njiro

Kaka umeongea kistaarabu mno, hujawahi kulala na deni. Mi sipigi kufuli, mi nafanya ukarabati. Mwezi wa tatu ukiisha fundi anakuja natoa mlango naupeleka kupakwa rangi, nyumba ni yangu, mlango ni wangu, rangi ni yangu. Wiki haiishi keshahama mwenyewe. Nyumba nimejenga kwa mkopo, benki hawaniulizi mpangaji wangu ana matatizo gani, tarehe ikifika wanakata. Hizo notisi na mabaraza ni za watu wenye muda.

Mpangaji, Sombetini

Mzee wa Njiro mtu kama wewe ndo nimewahi kukutana naye. Nilikuwa nadaiwa mwezi mmoja na nusu, sikatai nadaiwa, natoka job jioni nakuta mnyororo mlangoni na kufuli la geti. Ndani kuna pampu ya pumu ya mtoto, kuna sare zake za shule na daftari, kuna sufuria ya maharage niliyoacha yamechemshwa. Mtoto kaenda shule na nguo za nyumbani, mwalimu anauliza mbele ya darasa zima. Nambie hapo deni langu mwanangu kalikopa lini.

Na nyie wenye nyumba mna vyenu hamvisemi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, hiyo ni kodi ya mwenye nyumba lakini anayenunua umeme ni mimi, ukimwambia mama naomba tupunguze kwenye pango anakuangalia kama umemtukana. Choo kimejaa miezi miwili hakuna gari la kunyonya. Unalipia miezi sita advansi, unapeleka hela ya dalali mwezi mzima, afu mwezi wa nne unaambiwa kodi imepanda kwa sababu kuna AFCON 2027 na uwanja unajengwa Olmoti. Mi naishi Sombetini, hao wageni wa AFCON watakuja kulala chumba changu cha bati?

Mdau, Ngarenaro

Hapo kwenye AFCON nimecheka ila ni kweli, mpaka vyumba visivyo na dari vimepandishwa.

Gaidi (muongoza watalii) wa mlimani, Moshi (Pasua)

Mi nipo katikati. Kazi yetu ya mlima na safari hela inakuja kwa msimu, Juni mpaka Oktoba unakula vizuri, Disemba mpaka Februari pia, afu mvua za Aprili na Mei unakaa nyumbani unaangalia mlima umefunikwa na mawingu. Wapagazi ndo usiseme. 2020 Corona ilivyokata wageni kuna machalii walikuwa wanaheshimika mtaani, kodi hawajawahi kukosa, ghafla wakawa "wapangaji sugu". Mzee wangu mwenye nyumba, Mchaga kabisa wa kuhesabu senti, aliniita akanambia mangi, nyumba ikikaa tupu hainilipi pia, we kaa, tuandikishane deni. Tukaandika kwa balozi wa nyumba kumi, msimu uliporudi nikalipa kidogo kidogo mpaka likaisha. Kufuli lingempa nini yule mzee? Angebaki na vitanda vyangu viwili na adui mmoja.

Kwa hiyo mi nasema watu wa utalii tukubaliane kodi kwa msimu. Mwezi wa tisa nikiwa nayo chukua miezi mingi, Aprili niache.

Mwenye nyumba, Njiro

@Gaidi na wa kwangu akichukua hela ya msimu akanunua bodaboda? Wewe muungwana, usituhesabie wote humo.

Aliyewahi kuwa karani wa wakili, mjini kati

Naomba niwaongezee nyama maana naona mnarushiana maneno tu.

Moja, mzee wa mlango, hiyo janja ya ukarabati haikusaidii. Upangaji ukiwa bado haujavunjwa kisheria mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu, ukimtoa mlango akaibiwa TV atakayeshtakiwa kuilipa ni wewe. Nimeona mtu anadai laki nne anatoka barazani anadaiwa yeye, kwa sababu mpangaji alikuja na orodha ya vitu "vilivyopotea", kuanzia simu mpaka dhahabu ya bibi, na mwenye nyumba hana pa kuikatalia maana alifungua chumba peke yake bila shahidi. Vitu vya mpangaji navyo usivishike kama rehani kwa amri yako mwenyewe, hiyo ni kazi ya dalali mwenye amri.

Pili, mikataba. Nyingi za huku ni karatasi ya daftari, jina, kiasi, sahihi ya mwenyekiti, basi. Mkataba wa pango unatakiwa ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia moja ya kodi ya mwaka, usipolipiwa upande wa pili unaweza kuupinga usipokelewe kama ushahidi mpaka uende ukaulipie na faini yake. Kwa chumba cha laki na ishirini ni 14,400 kwa mwaka jamani, hela ya nyama choma na soda.

Tatu, na hii wengi hawaijui, kama hamjaandika muda wala notisi, sheria inauhesabu upangaji kwa vipindi, na kipindi kinafuata jinsi kodi inavyolipwa. Anayelipa mwezi kwa mwezi notisi yake isipungue mwezi. Sasa wewe unayelazimisha miezi sita sita bila kuandika kitu, mpangaji mjanja atakwambia na notisi yangu iwe miezi sita. Advansi mnayoipenda ndo inayowafunga.

Mleta mada (Kijenge)

Karani asante, hiyo ya tatu nimempigia mama saa hii hii nimemsomea.

Mzee wa Njiro, hoja ya benki naielewa na ndo maana sisemi wenye nyumba wavumilie tu. Huwezi kumwambia mtu asijichukulie sheria mkononi afu ile sheria ukamwekea mbali asiifikie. Lakini mlango wako ukishautoa unamkuta mwenye deni la makusudi na mwenye mtoto wa pumu pale Sombetini wote wawili, mlango hauchagui. Baraza linaweza kuchagua, kwa sharti liwe la haraka.

Kaka Gaidi, la msimu nakubaliana nalo, ila liandikwe tangu siku ya kuingia, sio Aprili ikishafika ndo unakumbuka wewe ni mtu wa utalii. Na nyie wapangaji, deni lenye mawasiliano linavumilika. Huyu wetu angemkalia mama chini akasema nina laki mbili tu, zilizobaki Julai, tusingekuwa tunaandika hapa. Amechagua kubeba viatu mkononi.

Tulichofanya mpaka jana: notisi ya maandishi imeandikwa, deni limetajwa kwa miezi na kiasi, nakala kwa mwenyekiti, amepewa mbele ya balozi na amesaini, mkono unamtetemeka lakini amesaini. Akiteleza tunaenda kata.

Mpangaji, Sombetini

Hapo sina neno, hiyo notisi hata mimi ningeipokea. Ila mwambieni mama na bili ya maji aitenganishe, msije mkamjumlishia ya vyumba vyote vinne.

Mleta mada (Kijenge)

Mita ni moja kaka, ndo tunagombana nayo hiyo sasa. Jamaa anasema yeye yuko peke yake na jirani yake ana watoto watatu na anafua nguo za watu, kwa nini wagawane sawa. Na hapo kidogo ana pointi.