Eti picha za mtaani zinataka kutuliza akili kwanza?

Mdau_Chuno
Wakuu habari za jioni. Napiga picha za mtaani hapa Mtwara, sana sana sokoni na feri pale wanaposubiri kivuko cha Msangamkuu. Naona watu wanafundisha eti kabla hujanyanyua kamera usikilize pumzi yako, usikie sauti za mtaa, akili iwe palepale ulipo. Inasaidia kweli au mbwembwe tu? Maana narudi na picha kibao na hakuna inayosema kitu

mzee wa lenzi
Inasaidia, ila sio uchawi. Ukiwa unawaza kodi ya nyumba huku kidole kinabonyeza, yule mama mwenye beseni la samaki unamuona akishapita. Simama sehemu moja kama dakika kumi usipige kitu, utaanza kuona watu wanapinda wapi, mwanga unapiga ukuta gani, kivuko kikifika nani anawahi kushuka, hapo unachagua ukuta wako halafu unasubiri mtu aingie mwenyewe. Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha Mfaransa, kazi nyingi kazifanya na kamera ndogo ya Leica na lenzi ya 50mm, na mafundisho ya Zen (tawi la dini ya Buddha) kuhusu kulenga mshale yalimgusa sana. Seti mapema tundu la lenzi f/8, spidi ya shata 1/250 ya sekunde, fokasi mita tatu hivi, uache kuhangaika na vitufe. Na hii ya kukagua kioo cha kamera kila ukipiga iache!! ukiinamia kioo mtaa unaendelea bila wewe

Binti Mikindani
Naongezea, kutulia sio kuvizia. Wauza samaki wanamjua mtu mwenye papara, salimia kwanza, mzee mpe shikamoo yake. Mtu akigeuza uso shusha kamera, jibu umeshapewa

Kusini_kwetu
Mnaremba nyie 😂 saa saba mchana jua liko utosini, utulie usitulie macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Aende saa kumi na moja jioni ndo atulie

Mdau_Chuno
Hahaha sawa mkuu. Sasa dakika kumi nimesimama feri na kamera shingoni si wataniita usalama?

mzee wa lenzi
Ongea na walinzi wa pale kwanza, halafu nunua karanga ukae na abiria. Ikibidi panda kabisa uvuke, ng'ambo nako kuna picha