Vitz, IST au Passo: ipi itadumu zaidi visiwani kwetu?

Mwalimu wa Wete

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Nafundisha skuli hapa Wete, Pemba, nami nataka kununua gari ndogo iliyokwishatumika ambayo, Mungu akijaalia, nitakaa nayo miaka kumi. Nimebakiwa na tatu za kuchagua: Toyota Vitz ya 2003, Toyota IST ya 2004 na Toyota Passo ya 2006. Bei zake hazipishani sana, kwa hiyo ninalouliza ni gharama ya kuitunza na ipi itanisumbua kidogo zaidi.

Dereva wa Fuoni

Wa alaykumu salaam, Maalim. Mimi nina IST yenye injini ya 1NZ, yaani ya lita moja na nusu, na huu ni mwaka wake wa saba mikononi mwangu. Ubora wake mkubwa ni kwamba injini hiyo hiyo imo ndani ya Toyota Probox, nazo Probox zimejaa kila pembe, hivyo pampu ya maji, maunti ya injini (kile kishikizo cha mpira kinachoibeba injini) au plagi huzikosi madukani, na hakuna fundi asiyeijua. Giaboksi yake ni ya otomatiki ya gia nne, ya kizamani, lakini inavumilia. Kilichonila pesa ni bushi (mipira ya viungo vya chini) na shokapu za mbele, kwa sababu njia ya kwetu ina mashimo na mawe. Mafuta inakunywa zaidi kuliko Vitz ya lita moja, hilo silifichi.

Bi. Mtambwe

Maalim, usiidharau Passo. Yangu ni ya lita moja, injini yenye silinda tatu, na kwa safari za Chake na kurudi inatumia mafuta kidogo mno. Lakini nitakwambia na ubaya wake. Ukipakia watu wanne na pakacha za vitu, vilima vya huku Pemba inavipanda kwa kunung'unika, na maunti za injini zikishachoka gari nzima inatetemeka ukisimama, hata ukadhani injini imekufa. Mimi niliambiwa na gereji moja kuwa injini imekwisha, nikakaribia kuibadilisha. Kumbe ilikuwa maunti moja tu.

Fundi wa Bububu

Nimewasoma wote, na hakuna aliyesema uongo, ila mnaipima injini peke yake. Injini za gari zote tatu zinatumia cheni ya taimingi, ile inayofungua na kufunga vali za injini kwa wakati wake, badala ya mkanda, na ukibadilisha oili kwa wakati, cheni haikupi tabu kwa muda mrefu. Gari ninazoziona zikifa hapa Unguja hufa kwa kutu, na injini yake bado inanguruma vizuri. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu ule hujificha mahali usipopaona: chini ya milango, kwenye vikalio vya springi, kwenye mabomba ya breki. Bomba la breki likiliwa na kutu, Maalim, hilo si jambo la gharama tena.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kati ya IST na Vitz, ipandishe kila gari juu uitazame chini kwa tochi. Ikiwa unaagiza kutoka Japani, soma karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari: herufi S huonyesha kutu, na C huonyesha chuma kilichokwishaliwa. Gari iliyotoka sehemu za theluji, kama Hokkaido, huenda imeshalowa dawa ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, na ikifika kwetu inaongezewa nyingine.

Mwalimu wa Wete

Ahsante, Fundi. Je, kuipaka oili chafu chini, kama wafanyavyo wengi, kunasaidia? Na jamaa mmoja ananishawishi ninunue Honda Fit.

Fundi wa Bububu

Oili chafu huzuia kutu kwa muda mfupi, lakini huozesha mipira ya bushi na kukusanya vumbi, kisha huoni tena ufa ulipo. Bora uioshe chini kwa maji matamu kila wiki, hasa ukitoka pwani, na uzibue vitundu vya chini ya milango ili maji yatoke. Nasema maji matamu kwa makusudi, kwani visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, nayo ni sawa na kuiosha gari kwa bahari yenyewe. Maji hayo hayo usiyatie kwenye rejeta: bloku na hedi (mwili na kichwa) za injini za NZ, kama ile ya IST, ni za alumini, na huliwa kutoka ndani. Tia kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini. Na fundi akitaka kukutolea thamostati, kile kinachozuia maji ya kupoozea mpaka injini ipate joto, "ili gari isichemke", mkatalie. Injini isiyopata joto lake hula mafuta na huchakaa upesi.

Fit ni gari nzuri, lakini ile ya mwanzo ya lita 1.3 ina plagi nane, mbili kwa kila silinda, na giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, inayodai oili yake maalumu. Kwa wewe uliye Wete, ambako kifaa huenda kikangojewa kije na meli, sikushauri.

Dereva wa Fuoni

Hapo nakubali. Mimi naongeza kwamba Vitz ya 2003 na IST zimejengwa kwenye msingi mmoja, hivyo usihofu sana kuhusu vifaa vya chini.

Mwalimu wa Wete

Basi Passo nimeiacha kwa sababu ya vilima, Bi. Mtambwe unisamehe. Jumamosi nakwenda kuitazama IST, na tochi nimeshaazima.

Bi. Mtambwe

Umesamehewa. Chukua na mkeka, maana utalala chini.