Bok, bog, bøker: hili neno la kitabu linaendaje?

Swali: Wakuu naomba msaada, nasoma Kinorwei nimekutana na bok yaani kitabu, wingi wake bøker, sa hiyo o imeenda wapi? Na Wadenishi wanaandika bog, ni neno moja au?

Jibu: Moja kabisa mkuu, asili ni bók ya Kinorsi cha kale, lugha iliyozaa Kinorwei na Kidenishi. Zamani sana wingi ulikuwa na i kwenye kiishio, ikaivuta o mpaka ikawa ø, i yenyewe ikapotea. Wadenishi wakalainisha k baada ya irabu, ndo wanasema bog (kitabu), bogen (kitabu hicho), bøger (vitabu), bøgerne (vitabu hivyo).

Jibu: Naongezea, bokmål, yaani aina moja ya Kinorwei cha kuandika, inaruhusu boka au boken (kitabu hicho) coz jinsia ya kike ya nomino bado ipo, kwenye Kidenishi iliungana na ya kiume. Mji wa Bergen huko Norwei lakini utasikia boken tu.

Muulizaji: Aisee asanteni, kumbe fot (mguu) na føtter (miguu) njia ni hiyohiyo!