Kompyuta ya Bibi haifungui kitu (kikundi: UKOO WA MIKINDANI)

Jumanne

18:07 Da Somoe: Assalaam alaykum wanaukoo. Kompyuta ya nyumbani kwa Bibi haifungui intaneti tangu ruta mpya iwekwe. Zulfa ana fomu ya mkopo wa chuo, dirisha linafungwa Ijumaa, na vyeti vyote alivyoskani vimo humo humo. Naomba kila mmoja asome. Hamisi, wewe hasa.

18:09 Da Somoe: Hamisi

18:31 Da Somoe: Tiki za bluu naziona. Ukoo mzima humu, hata salamu hakuna?

18:34 Binamu Chande: Waalaykum salaam mkuu wa mkoa 😂

18:35 Da Somoe: Chande leo sitaki utani.

18:40 Shemeji Rashidi: Isije ikawa nyaya za baharini. Mei 2024, mwezi uleule wa kimbunga Hidaya, zilipokatika tulibaki tunatazama simu tu.

18:42 Zulfa: Hapana shemeji, simu yangu iko kwenye waifai hiyohiyo na inafungua vizuri. Kompyuta peke yake ndiyo imegoma.

19:22 Hamisi Dodoma: Ndiyo natoka kazini. Zulfa, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika ping -c 3 8.8.8.8 (ni kubisha hodi mara tatu kwenye kompyuta ya mbali) kisha nitumie picha.

19:25 Zulfa: [picha] Zimerudi zote tatu

19:25 Hamisi Dodoma: Sasa ping -c 3 google.com

19:27 Zulfa: Ilikaa kimya weee, halafu ikaandika "Temporary failure in name resolution"

19:28 Hamisi Dodoma: Basi mtandao upo. Kilichokwama ni majina.

19:28 Da Somoe: Eleza watu waelewe.

19:31 Hamisi Dodoma: Kompyuta zinatafutana kwa namba, sisi tunaandika majina. Ni kama mgeni kashuka Mikindani anamtafuta mtu: jina analo, nyumba haijui, anakwenda kumuuliza balozi wa nyumba kumi. Kompyuta ya Bibi miguu inayo, inatembea. Balozi inayemuuliza ndiye hajibu. Huyo balozi ndiyo DNS.

19:32 Shemeji Rashidi: Balozi wetu naye hajibu, tangu nimfuate kwa habari ya ule mpaka wa mwembe

19:33 Binamu Chande: Yule si kahamia Nanyamba

19:33 Mama Abdul: Kahama?? Na daftari la michango ya misiba kaliacha kwa nani?

19:34 Shemeji Rashidi: Kumbe ndiyo maana mlango umefungwa!

19:34 Binamu Chande: 😂😂 temporary failure

19:35 Da Somoe: JAMANI

19:37 Hamisi Dodoma: Na zamani hao mabalozi hawakuwepo. Majina yote ya kompyuta yalikuwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, linatunzwa California na kila mwenye mtambo analichukua huko. Mitambo ikazidi, faili likaelemewa, ndipo 1983 Paul Mockapetris akaandika mpango huu wa kuulizana

19:37 Da Somoe: Hamisi. Ijumaa.

19:38 Hamisi Dodoma: Sawa dada. Zulfa: cat /etc/resolv.conf, ndilo faili linalotaja balozi wa kuulizwa

19:40 Zulfa: Mstari mmoja tu, nameserver 192.168.8.1

19:40 Hamisi Dodoma: Sasa ip route, tuone kompyuta inatokea mlango gani, nisomee mstari wa kwanza

19:41 Zulfa: default via 192.168.1.1

19:44 Hamisi Dodoma: Hapo ndipo penyewe. 192.168.1.1 ni ruta mpya ya Mama Mdogo. 192.168.8.1 ilikuwa anwani ya kile kiruta cha zamani cha kuweka laini. Kompyuta bado inakiuliza kile. Inangoja sekunde 5, inauliza tena, inangoja tena, inakata tamaa. Simu ya Zulfa inauliza ruta mpya, ndiyo maana inapata.

19:45 Da Somoe: Na cha zamani kiko wapi?

19:58 Da Somoe: Nauliza, kile cha zamani kiko wapi.

20:00 Zulfa: Bibi yuko hapa pembeni, anasema mwenye nacho anajijua

20:01 Binamu Chande: Da Somoe tusianze. Hilo liliisha.

20:03 Da Somoe: Liliisha kwako. Watu humu walichanga, kikaenda Masasi msimu wa korosho "wiki moja tu", na mpaka leo Bibi haulizwi hata kama ana salio. Kama yale mabati.

20:03 Mama Abdul: Mabati tena 🙆🏾‍♀️

20:04 Binamu Chande: Mabati yanaingiaje kwenye kompyuta?

20:04 Da Somoe: Yanaingia vizuri sana.

20:05 Shemeji Rashidi: *Ujumbe huu umefutwa*

20:05 Mama Abdul: Shemeji nimeusoma 👀

20:09 Hamisi Dodoma: Naomba turudi kwenye kazi. Kitu kimoja kinanisumbua. Ukibadili ruta, faili hilo hujiandika upya lenyewe. Hili halikujiandika. Zulfa: lsattr /etc/resolv.conf

20:11 Zulfa: ----i---------e------- /etc/resolv.conf

20:15 Hamisi Dodoma: Umeiona hiyo i? Faili limefungwa kwa mkono. Hakuna programu itakayoligusa, hata uzime na kuwasha mpaka asubuhi. Tulifungue hivi, mstari kwa mstari:
sudo chattr -i /etc/resolv.conf
sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf
Halafu lisome tena. Ukiona 127.0.0.53 tumemaliza, hapo kompyuta itakuwa inachukua balozi kutoka ruta yoyote unayojiunga nayo.

20:18 Zulfa: Inataka nywila. Nimeweka yangu, inasema simo kwenye sudoers, yaani orodha ya wenye ruhusa.

20:19 Hamisi Dodoma: Akaunti ya usimamizi ni ya Chande.

20:19 Da Somoe: Chande, nywila.

20:26 Binamu Chande: Nimeiandika kwenye daftari, daftari liko Masasi. Mimi niko Nachingwea kwenye mnada wa ufuta. Alhamisi nikirudi natuma.

20:26 Da Somoe: Alhamisi mchana au usiku?

20:27 Shemeji Rashidi: Alhamisi ya ufuta au ya korosho? 😂😂

20:27 Mama Abdul: 😂😂😂😂

20:28 Da Somoe: Mtoto anakosa mkopo nyie mnacheka. Haki ya Mungu nimechoka kuongea peke yangu humu.

20:34 Hamisi Dodoma: Dada usikasirike, kuna njia isiyohitaji nywila ya kompyuta. Kama kompyuta imeng'ang'ania 192.168.8.1, tuipe ruta mpya anwani hiyohiyo. Zulfa, kwenye Firefox andika 192.168.1.1. Itafunguka, kwa sababu ni namba, haimuulizi balozi. Ingia kwa nywila ya kwenye stika iliyo chini ya ruta, tafuta sehemu ya LAN (mtandao wa ndani ya nyumba), weka 192.168.8.1, hifadhi. Ruta ikishawaka upya, zima waifai ya kompyuta uiwashe tena. Itauliza palepale ilipozoea, na safari hii kuna mtu.

20:35 Mama Abdul: Hamisi mwanangu una akili, nitakutumia ming'oko huko Dodoma

20:36 Da Somoe: Zulfa fanya sasa hivi.

20:39 Zulfa: Ukurasa umefunguka kweli! Inataka nywila. Ila dada, ruta iko chumbani kwa Mama Mdogo, kafunga, yuko msibani Ligula. Bibi ana ufunguo wa akiba.

20:39 Da Somoe: Fungueni.

20:52 Mjomba Selemani: Nimesoma yote kuanzia juu. Ruta ni ya Hadija, kainunua kwa fedha yake na nyumba nzima inafaidi. Chumba cha mtu mzima hakifunguliwi kwa amri ya simu. Asubiriwe mpaka aseme mwenyewe. Wewe Chande, kifaa cha watu kirudi kwa Bibi. Habari ya daftari nisiisikie tena.

20:53 Da Somoe: Sawa Mjomba.

20:53 Hamisi Dodoma: Shikamoo Mjomba. Sawa.

20:58 Binamu Chande: Nimesikia Mjomba.

21:20 Mama Abdul: Mjomba, na mabati?

21:41 Da Somoe: Mama Mdogo simu inaita hupokei. Zulfa, usiku huu nakili vyeti vyote kwenye flashi. Kesho asubuhi kama hakuna jibu utakwenda mjini, kwenye stesheneri, nitatuma nauli na hela ya kuchapa.

21:44 Zulfa: Bibi anasema kompyuta ilinunuliwa ili mtoto asihangaike mjini. Anasema nisiende.

21:45 Da Somoe: Mwambie Bibi nitampigia.

22:48 Mama Mdogo Hadija: Jamani nilikuwa kwenye kisomo, simu iko kwenye mkoba. Mbona ujumbe wote huu? Ruta imefanya nini?

22:49 Da Somoe: Shikamoo Mama Mdogo. Haijafanya kitu. Tunaomba nywila ya kwenye stika tu, Zulfa aingie.

22:53 Mama Mdogo Hadija: Marahaba. Ile ya stika fundi aliibadilisha siku ya kuifunga, akaniandikia kwenye karatasi. Karatasi niliiweka ndani ya msahafu au kwenye kabati la vyombo, mpaka nije niangalie. Kesho baada ya kuzika.

22:54 Da Somoe: Hamisi upo? Asipoiona tunafanyaje?

22:55 Binamu Chande: Mimi nipo 😁

22:55 Da Somoe: Wewe nitumie jina la basi na namba ya konda anayekileta kiruta.

23:02 Mama Mdogo Hadija: Na hiyo anwani mkiibadilisha, luninga yangu itashika? Nijibuni hilo kwanza.