Vita ya Kwanza ya Dunia: watu wa Kigoma na Tabora tulichangia nini hasa?

Kibirizi_Boy
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu yuko form three hapa Kigoma, kapewa insha ya vita ya 1914 mpaka 1918 na mchango wa mkoa wetu, nikamwambia andika Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, yaishe. Akaniuliza Liemba si ya Wajerumani, sasa watu wa huku walifanya nini? Mwenye madini ashushe ila sio majenerali tu, hao kitabu chake kimewajaa.

Fundi wa Karakana
Liemba usiiruke mkuu. Iliundwa Papenburg Ujerumani, ikafunguliwa ikaja kwa makasha 5,000, na reli yenyewe ilikuwa imefika Kigoma Februari 1914 tu. Mafundi waliotumwa na kiwanda kuja kuiunga walikuwa watatu!! Kwahiyo kubeba vyuma na kupiga ribiti ni vibarua wa hapahapa na Wahindi, ikashuka majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen.

Tabora nako karakana ya reli iligeuzwa kiwanda cha pesa 1916. Waingereza walishaziba pwani, sarafu kutoka Ujerumani haziji, na noti zilizochapwa humuhumu wananchi hawazitaki (ungezitaka wewe?). Wakapiga heller (senti zao) 5 na 20 za shaba, nyingine malighafi yake maganda ya mizinga, halafu rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huku tembo na mlima, huku tai wa Kaiser. Hizo za dhahabu zilitoka 16,198, leo moja ukiwa nayo mnadani Ulaya unaongea mamilioni.

Mnyamwezi wa Cheyo
Fundi umeongea vizuri ila sarafu mi naona kama pambo tu, mchango wa Tabora ulikuwa mgongo. Huku mbung'o anamaliza punda na farasi, barabara za magari hakuna, so ukitoka tu kwenye reli kila risasi, kila gunia la unga lazima libebwe na mtu kichwani, kilo 25 au 30, na huyo mtu naye anakula njiani kwahiyo anatafutiwa mwingine wa kumbebea chakula. Wanyamwezi walishajulikana tangu misafara ya pembe kwenda Bagamoyo, basi kila jeshi likija linawataka wao. Mjerumani kachukua, tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wa Jenerali Tombeur kutoka Kongo wameingia Tabora nao wanataka wapagazi na chakula, kaja Mwingereza hivyohivyo. Upande wa Waingereza peke yake Afrika Mashariki inakadiriwa wapagazi karibu milioni, na waliokufa ni zaidi ya 90,000, wengi sio kwa risasi, ni kuhara, malaria na nimonia. Huku nyumbani jembe wameshika kina mama na watoto, na wakishavuna jeshi linapita linazoa mtama na ng'ombe. Hiyo kwenye insha iwe ya kwanza.

Kibirizi_Boy
Duh. Na walilipwa?

Mnyamwezi wa Cheyo
Askari wa Mjerumani ndio, angalau. Miaka ya 1920 walilipwa malimbikizo, halafu 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha waliobaki hai walipwe tena, mhasibu akaja mpaka Mwanza. Wengi hawana cheti, basi inasimuliwa kwamba mzee anapewa ufagio kama bunduki, anapigiwa amri za Kijerumani, akizifuata vizuri anapata hela yake. Wapagazi kwenye hiyo orodha ya 1964 hawamo, na upande wa Mwingereza mishahara kibao haikuchukuliwa na mtu maana wenyewe walishakufa au hawajulikani walipo. Mi hapo ndo huwa nachukia mtu akiniambia ilikuwa vita ya wazungu.

Binti Ujiji
Kaka Kibirizi mwambie dogo aongeze na mabomu. Juni 1916 ndege za Wabelgiji, zile zinazotua kwenye maji, zilivuka ziwa kuja kupiga bandari yetu, mwezi uliofuata Mjerumani akaizamisha hiyo Götzen mwenyewe akakimbia. Wabelgiji wakaingia, na huku Kigoma na Ujiji wakakaa mpaka Machi 1921. Hata walipotuachia kwa Mwingereza walibaki na eneo lao bandarini kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, hebu fikiria.

Kibirizi_Boy
Faranga moja?? Nashukuruni sana, ngoja nimpelekee kabla hajalala, insha inatakiwa kesho asubuhi.