Mrejesho: Edelwaisi yangu haikufa

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kama edelwaisi yangu (mmea mdogo wa milimani wenye ua jeupe kama nyota) ya kwenye chungu, hapa Munich, imekufa baada ya majani yote kukauka wakati wa baridi. Wengi mlisema niitupe. Wachache mlisema nisubiri, na nyie ndio mlipatia: mwezi Machi vimechomoza vichipukizi vya kijivu vyenye manyoya, na sasa kuna maua.

Kumbe sehemu ya juu hukauka kila mwaka, uhai unabaki chini. Kwao ni milima ya Alps, mita 1,800 hadi 3,000, kwenye miamba ya chokaa ambako maji hayatuami. Baridi haiisumbui hata kidogo. Mvua ya baridi inayolowesha mizizi ndiyo inayoozesha. Kwa hiyo sikuiingiza ndani, niliisogeza tu chini ya paa la roshani. Machi hiyo hiyo nikabadilisha udongo: kokoto na mchanga mwingi, udongo kidogo, na changarawe ya chokaa kuzunguka shina.

Mbolea sijaweka, na aliyeshauri samadi anisamehe. Mmea huu ukishiba hurefuka ovyo na weupe unafifia, na weupe ndio raha yake. (Ile nyota nyeupe ni majani, maua yenyewe ni vile vidoti vya manjano katikati.)

Aliyeuliza kuhusu kuipanda Dar: usipoteze hela, ndugu yangu. Inahitaji msimu wa baridi ilale.

Nikipata mbegu nitazimwaga juu ya udongo bila kuzifukia, maana zinataka mwanga ili ziote.