Mmea wenye kiazi shambani Kisongo: ning'oe au niache?

MkulimaKisongo: Wakuu, habari za leo. Nina kashamba Kisongo, upande wa juu kumejaa mawe, trekta la kukodi huwa halifiki. Huko kuna mmea unatambaa mita kadhaa, jani limegawanyika mara mbili kama kwato ya ng'ombe, ua la njano, ganda gumu lenye punje moja au mbili tu. Kiangazi unakauka wote, mvua ikianza unachipua palepale. Kijana alishika sururu, chini akakuta kiazi hakitoki. Jirani anasema ni jamii ya maharage. Nikiuacha utarutubisha udongo nipande mahindi? Na punje zinalika?

Loi_wa_Monduli: Piga picha mkuu. Na dawa ya magugu usipoteze hela, kwa kiazi hicho utaunguza majani tu.

MamaMiche: Kwa maelezo hayo nadhani ni *Tylosema fassoglense*. Ni jamii ya kunde kweli, lakini habari ya mbolea sahau. Ng'oa ngwara au mbaazi, mizizini utakuta vifundo vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo inayorutubisha udongo. Kundi la mmea huu halina vifundo. Kinachoubeba ni kiazi, humo ndimo akiba ya maji na chakula ilimo.

Ndugu yake wa Kalahari, marama (*Tylosema esculentum*), huliwa Botswana na Namibia. Mbegu zinachomwa kwenye majivu ya moto, zinamenywa, zinatafunwa. Zina mafuta na protini nyingi. Zikiwa mbichi zina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, kwa hiyo lazima zipite motoni. Ila usile za kwako kwa sababu ndugu yake analiwa! Kata tawi lenye ua na ganda, libane kwenye magazeti likauke, andika ulipolitoa, peleka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) Ngaramtoni, pale ilipokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Kuna hebaria ya taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, watakupa jina bila kubahatisha. Mahindi yapeleke chini kwenye udongo wa kueleweka.

MkulimaKisongo: Shukrani dada. Ngaramtoni napita siku ya soko. Ila magazeti siku hizi nayatoa wapi? Kwangu kuna kalenda tu.

MamaMiche: Hahaa, kalenda inateleza, hainyonyi maji. Chana boksi, weka na karatasi za daftari la mtoto, juu yake jiwe. Badilisha karatasi kila siku, la sivyo ua litaota ukungu.

Loi_wa_Monduli: Daftari lililokwisha lakini, mwalimu asije akakuita.